Mtakatifu Bakhita: Alisamehe, Lakini Hakurudi Utumwani



Wengi wetu tunadhani kusamehe ni kukubali kuonewa. Ndiyo maana kila mtu anang'ang'ania upande wake: mimi ndiye niliyekosewa, basi aanze yeye. Leo nawaletea dada yetu Mwafrika aliyekosewa kuliko wengi wetu, Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo mwaka 1869. Akiwa bado mtoto aliibwa na wafanyabiashara wa watumwa. Kwa hofu akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Yaani mtoto ananyang'anywa mama yake, anatembezwa peku mamia ya kilomita, halafu anaitwa Bahati! Aliuzwa, akauzwa tena. Kwenye nyumba ya jenerali mmoja wa Kituruki alichanjwa chale 114 kwa wembe, kisha vidonda vikasuguliwa chumvi ili alama zibaki.

Mwaka 1883 alinunuliwa na konseli wa Italia mjini Khartoum, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 wakaenda Italia, na huko akakabidhiwa kwa familia ya Michieli, akawa yaya wa binti yao. Baadaye mama wa nyumba aliposafiri, aliwaacha yaya na mtoto kwa Masista Wakanosa, Venezia. Hapo ndipo Bakhita alipofundishwa imani.

Yule mama aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Alimpenda sana yule mtoto, lakini hakuwa tayari kumwacha Mungu aliyekuwa ameanza kumjua. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru, kwani sheria ya Italia haikutambua utumwa. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Mwaka 1896 akaweka nadhiri, na kwa miaka mingi akawa mpishi, mshonaji na bawabu wa konventi ya Schio.

Sasa angalia msamaha wake. Alisema kwamba angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu kupitia njia ile alimfahamu Kristo. Aliwaombea, akaona kwamba huenda hawakujua ukubwa wa maumivu waliyomsababishia.

Nimesoma falsafa miaka kadhaa, na somo moja nimebaki nalo: kila mtu huona dunia kutoka pale aliposimama. Bakhita alikuwa na haki zote za kubaki amesimama juu ya makovu yake. Kumbe alihama. Alisimama pale Kristo alipo, msalabani, na kutoka pale hata mtekaji anaonekana kuwa mtu anayehitaji kuombewa.

Hakusema utumwa ni mzuri. Angeuona mzuri, angemfuata bibi yake bila shauri lolote. Ni mwanamke yuleyule aliyesema hapana na aliyesamehe. Kwa hiyo kijana unayepigwa au kunyanyaswa, msamaha haukudai urudi kwa anayekuumiza. Toka hapo, mwambie mtu unayemwamini. Msamaha unakudai usimchukie.

Na sisi wenye ugomvi mdogo, wa maneno, wa fedha, wa urithi, tunasubiri nini? Huyo ndugu uliyefuta namba yake, hebu anza kumtaja kwenye sala ya jioni, hata kama kinywa kinakuwa kizito. Mimi naamini moyo hufuata taratibu.

Bakhita alifariki Schio tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Kila tarehe 8 Februari, siku ya kumbukumbu yake, Kanisa linawaombea wahanga wa biashara haramu ya binadamu. Tuwaombee nao, na wanaowauza pia.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.