Jeanne Jugan: Mfanyakazi wa nyumbani aliyefunza wengine kulea wazee

Kule Kasarani, Nairobi, kuna makao yanayoitwa Nyumba ya Wazee. Yanaendeshwa na watawa wa Kikatoliki, Masista Wadogo wa Maskini, na kazi yao ni moja tu: kutunza wazee maskini ambao hawana wa kuwatunza. Wengi wetu tunapita upande huo na matatu kila siku bila kujiuliza ni nani aliyewaza kitu kama hicho.

Shirika hilo halikuanzishwa na askofu, wala tajiri, wala daktari. Lilianzishwa na mfanyakazi wa nyumbani. Mboch, kama tunavyosema mtaani bila hata kuona aibu. Hakuwa na cheti, hakuwa na ploti, hakuwa na mume, na alikuwa na miaka 47 alipomleta mzee wa kwanza kwake. Halafu mtu mwingine akaja akachukua sifa zote mchana peupe, naye akaendelea tu na kazi.

Anaitwa Jeanne Jugan. Namwandika leo kwa sababu vijana wengi wa rika langu wanajiandikisha kozi za kutunza wazee. Mabango yako kwenye nguzo za stima. Unasoma miezi kadhaa, unapata cheti, halafu unaanza kuota Ujerumani ama Marekani. Hiyo si mbaya hata kidogo. Lakini ni vizuri ujue kazi unayoingia ilijengwa na watu gani.

Binti wa mvuvi

Jeanne alizaliwa Oktoba 25, 1792, katika mji mdogo wa wavuvi unaoitwa Cancale, mkoa wa Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa mtoto wa sita kati ya wanane. Babake alienda baharini kuvua Jeanne akiwa hajafikisha hata miaka 4. Hakurudi.

Mama akabaki na watoto na mapinduzi. Ufaransa wakati huo ilikuwa imechafuka, mfalme alikatwa kichwa mwaka wa 1793, makanisa yakafungwa, na mapadri wakawa wanajificha. Watoto wa Cancale walifunzwa dini kwa siri. Shule kwa binti wa mjane ilikuwa ndoto. Jeanne alichunga mifugo, akajifunza kusokota sufu na kufuma.

Akiwa na miaka 16 alienda kufanya kazi jikoni kwa bibi mmoja wa ukoo wa kikabaila. Huyo bibi hakuwa mbaya. Alipoenda kuwaona wagonjwa na maskini, alimchukua msichana wake wa jikoni waende pamoja. Hapo ndipo Jeanne alianza kuona jinsi unavyoingia kwa mtu fukara bila kumfanya ajisikie fukara zaidi.

Baharia mmoja kijana akamtaka wafunge ndoa. Akakataa. Miaka ikapita, posa ikaja tena, akakataa tena. Alimwambia mamake kwamba Mungu anamtaka kwa kazi fulani ambayo bado haijaanzishwa. Hebu fikiria kumwambia mamako hivyo leo, ukiwa na miaka 24, huna kitu mfukoni, na mchumba yuko mlangoni.

Chuo chake kilikuwa wodi

Mwaka wa 1817 aliwaachia dada zake nguo zake nzuri, akaenda Saint-Servan, mji ambao leo ni sehemu ya Saint-Malo. Huko akapata kazi katika hospitali ya Rosais, akahudumia wagonjwa kwa miaka sita.

Hapa lazima tuelewane. Wakati huo hakukuwa na chuo cha uuguzi cha kumpokea mtu kama yeye. Ile shule maarufu ya Florence Nightingale kule London ilifunguliwa 1860, miaka zaidi ya 40 baadaye. Jeanne alijifunza kwa kushika. Mtu yeyote aliyewahi kumtunza shosho kitandani anajua masomo hayo: kumgeuza mara kwa mara asitoke vidonda vya kulalia upande mmoja, kumkalisha wima kabla ya kumlisha asipaliwe, kumwosha huku umemfunika sehemu ambayo huioshi, na kutonyesha usoni kile ambacho pua yako imenusa.

Miaka sita ikammaliza mwili. Akatoka hospitalini akiwa amechoka kabisa, akaingia kwa mwanamke mmoja mtu mzima aliyeitwa Bi Lecoq. Alienda kama mfanyakazi wa nyumba, lakini wawili hao wakawa marafiki. Waliishi pamoja miaka 12, wakifunza watoto dini na kutembelea maskini, mpaka Bi Lecoq akafariki mwaka wa 1835 na kumwachia urithi mdogo.

Piga hesabu. Miaka sita hospitalini, 12 kwa Bi Lecoq. Hiyo ni miaka 18 ya mafunzo na hakuna hata siku moja ya kuhitimu. Baada ya hapo akawa anafanya vibarua, kufua na kusafisha nyumba za watu, akalipwa kwa siku. Akapanga nyumba ndogo na mwanamke mzee kwa jina Françoise Aubert, kisha wakaungwa mkono na msichana yatima wa miaka 17, Virginie Trédaniel. Wote watatu wakawa wanachanga, kila mtu na anachopata.

Kitanda kimoja

Majira ya baridi ya mwaka wa 1839, Jeanne alipata habari za mjane mmoja kipofu, Anne Chauvin, ambaye pia nusu ya mwili ilikuwa imepooza. Hakuwa na mtu wa kumtunza tena. Jeanne hakuitisha mkutano wala hakuandika pendekezo la mradi. Alimbeba akampeleka nyumbani, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, halafu yeye akapanda kulala darini.

Muda si mrefu akaja wa pili, Isabelle Coeuru. Hadithi ya huyu inauma. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa maisha yake yote. Mabosi wake walipofilisika, hakuwatoroka. Aliwatumikia bila mshahara, akatumia akiba yake kwao, mwishowe akawaombea chakula mitaani. Wakafa. Naye akabaki mzee, mgonjwa, hana mtu. Yule aliyewatunza wengine sasa hakuwa na wa kumtunza yeye.

Nadhani Jeanne alijiona mle ndani. Alikuwa kwenye njia hiyo hiyo.

Wazee wakaongezeka. Mwaka wa 1841 wakahamia nyumba iliyowahi kuwa baa, wakaingia wazee 12. Mwaka wa 1842 wakachukua jengo la zamani la watawa, na haukupita muda mrefu wazee wakawa kama 40. Jirani walisaidia, lakini kulisha watu 40 kila siku si mchezo.

Kikapu

Wazee wengi hao walikuwa wamezoea kuombaomba, kila mmoja na nyumba zake anazopitia. Wakiendelea kutoka nje, wengine wangerudi walewi, wengine wasingerudi kabisa. Jeanne akaamua kwamba ataenda yeye. Aliwauliza kila mmoja watu waliokuwa wakimsaidia wanaitwa nani na wanakaa wapi. Kisha akachukua kikapu akaenda mlango kwa mlango, akieleza kwamba fulani hawezi kuja tena, kwa hivyo amekuja yeye kwa niaba yake.

Alichofanya hapo kilikuwa zaidi ya kutafuta chakula. Aliondoa aibu mgongoni mwa wazee akaiweka mgongoni mwake. Ndani ya nyumba wale wenye nguvu waliendelea kufanya kazi, kama kusokota sufu, ili wasijione mizigo.

Inasimuliwa kwamba siku moja bwana mmoja alikasirika akampiga kofi. Jeanne akamjibu kwa upole kwamba kofi hilo ni lake yeye, sasa ampe kitu cha wazee wake. Bwana akatoa.

Sifa zikaenda mbali. Mwaka wa 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa Tuzo ya Montyon, iliyotolewa kwa Mfaransa maskini aliyetenda wema mkubwa. Faranga 3,000. Mwanamke ambaye hajasoma, jina lake likasomwa Paris mbele ya wasomi wakubwa wa nchi. Mwaka uliofuata akafungua nyumba Rennes na Dinan, kisha nyingine zikafuata.

Alivyopokonywa

Sasa ndiyo sehemu ngumu. Kulikuwa na padri kijana, Auguste Le Pailleur, aliyekuwa akiwasaidia akina Jeanne na kuwaongoza kiroho. Desemba 1843 wanawake wa shirika walimchagua Jeanne tena awe mkuu wao. Wiki mbili baadaye padri akafutilia mbali uchaguzi huo. Akamweka Marie Jamet, msichana wa miaka 23, aliyekuwa chini ya uongozi wake wa kiroho. Yaani ile tuzo ya 1845 Jeanne aliipokea akiwa tayari ameondolewa kwenye uongozi.

Hakupigana. Aliendelea kubeba kikapu na kufungua nyumba mpya, na nyumba zilipokwama kwa madeni aliitwa yeye azitoe matopeni. Lakini mwaka wa 1852, shirika lilipotambuliwa rasmi na askofu wa Rennes, padri akamwita makao makuu na kumwambia asitoke tena, asiwasiliane na wafadhili. Alikuwa na karibu miaka 60.

Polepole historia ikaandikwa upya. Le Pailleur akawa ndiye mwanzilishi. Jeanne akahesabiwa kuwa sista wa tatu tu. Kitanda alichompa Anne Chauvin kikawa hadithi ya watu wengine.

Mwalimu asiyejulikana

Ukiniuliza, miaka iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Jeanne aliishi 27 zaidi, kwanza Rennes na kuanzia 1856 katika makao ya La Tour Saint-Joseph, kijiji cha Saint-Pern. Hapo ndipo wasichana waliotaka kuwa masista walipofunzwa. Mwanzoni alipewa kusimamia kazi za mikono za wasichana wapya. Baadaye akawa tu sista mzee mwenye fimbo, anayeishi katikati yao. Walimjua kwa jina la utawa, Sista Marie wa Msalaba. Wengi hawakujua kwamba ndiye aliyeanzisha kila kitu walichokuja kujifunza.

Aliwafunza nini? Kwamba mbele ya mzee wewe ndiye mdogo. Kwamba humfanyii fadhila, uko nyumbani kwake. Kwamba wasimlaze mtu njaa, na pia wasimnyime furaha. Mwaka wa 1865, viongozi wa shirika walipojadili kama wakubali mapato ya kudumu, walimwita huyo sista mzee wakamuuliza. Akashauri wakatae, waendelee kutegemea wanachopewa siku kwa siku. Wakamsikiliza.

Alikufa Agosti 29, 1879, akiwa na miaka 86 na karibu kipofu. Wakati huo shirika lilikuwa na masista kama 2,400 katika nchi kadhaa. Miaka 11 baadaye, Le Pailleur aliondolewa madarakani baada ya uchunguzi wa Kanisa na kuitwa Roma. Ukweli kuhusu Jeanne ukatoka polepole. Papa Benedict XVI alimtangaza mtakatifu Oktoba 11, 2009.

Sisi tunaingia wapi

Si lazima uwe Mkatoliki kuona hapa kuna kitu. Katiba yetu, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Serikali inatuma 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii kwa waliofika miaka 70. Lakini haki haimgeuzi mtu kitandani saa nane usiku. Lazima kuwe na mikono, na mikono inafunzwa.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kuwezesha wafanyakazi wetu kwenda huko, na utunzaji wa wazee ni mojawapo ya kazi ambazo vijana wanazingojea. Sisi tulioacha chuo katikati tunaambiwa hii ni kazi ya waliokosa kazi. Jeanne angeshangaa. Alitumia miaka 18 kuijifunza kabla ya kumleta mzee wa kwanza nyumbani, na miaka 27 kuwafunza wengine bila jina lake kutajwa.

Kwa hivyo ukienda kwa hiyo kozi, shika masomo yote: kuinua mgonjwa bila kuumiza mgongo wako, kupima presha, kuandika ripoti ya zamu. Dai mshahara wako pia, na jina lako liandikwe pale umefanya kazi, kwa maana kunyamaza kwa Jeanne kulimfaa mtu mwingine miaka mingi. Halafu siku ya kwanza kazini, kabla ya kushika beseni, muulize huyo mzee anapenda kuitwa nani.