William Moulton Marston

William Moulton Marston (9 Mei 1893 – 2 Mei 1947) alikuwa mwanasaikolojia, mwanasheria na mwandishi wa katuni kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kumtunga Wonder Woman, shujaa wa kike maarufu kuliko wote katika vitabu vya katuni.

Maisha ya awali

Marston alizaliwa Saugus, jimbo la Massachusetts. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya kwanza mwaka 1915, ya sheria mwaka 1918 na ya uzamivu katika saikolojia mwaka 1921. Mwaka 1915 alimwoa Elizabeth Holloway, aliyesomea pia sheria na saikolojia.

Akiwa bado mwanafunzi alianza kupima shinikizo la damu la mtu anayehojiwa ili kujua kama anasema uongo. Kipimo hicho ni mojawapo ya misingi ya mashine ya kutambua uongo. Hata hivyo, mwaka 1923, katika kesi ya Frye, mahakama ya rufani mjini Washington ilikataa kukipokea kuwa ushahidi kwa sababu kilikuwa hakijakubalika miongoni mwa wataalamu.

Familia

Bingwa huyo wa kufichua uongo alikuwa na siri nyumbani kwake. Mwaka 1925, akifundisha Chuo cha Tufts, alikutana na mwanafunzi Olive Byrne, binti wa dada yake Margaret Sanger, mtetezi wa uzazi wa mpango. Olive alihamia kwao. Elizabeth alizaa watoto wawili na Olive wawili, na watoto wa Olive waliasiliwa kisheria na Marston na Elizabeth. Elizabeth aliajiriwa katika kampuni ya bima na mara nyingi mshahara wake ndio uliolisha nyumba. Olive alilea watoto wote wanne. Watu wa nje walielezwa kwamba Olive ni mjane. Wanawe wenyewe waliambiwa baba yao ni nani walipokuwa watu wazima.

Kwa msomaji wa Tarime au Serengeti, watoto kulelewa na wanawake wawili si jambo geni. Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili apate watoto na mrithi. Tofauti ni kwamba ndoa hiyo hufungwa kwa mahari mbele ya ukoo, na haichukuliwi kuwa ya mapenzi kati ya wanawake hao.

Wonder Woman

Wonder Woman alitokea mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1941, akichorwa na H. G. Peter. Marston aliandika kwa jina la Charles Moulton. Bangili za shujaa huyo zilitokana na zile alizovaa Olive.

Wahusika waovu katika hadithi hizo wanastahili kuangaliwa kuliko wanavyoangaliwa kawaida. Doctor Poison, Hypnota na Blue Snowman wote ni wanawake wanaojitokeza kama wanaume. Paula von Gunther anawatumikia Wanazi kwa sababu wanamshikilia binti yake. Wonder Woman anapomwokoa mtoto huyo, Paula anageuka kuwa rafiki na msaidizi wake. Kwa Marston, mwovu hakuwa wa kuuawa bali wa kubadilishwa.

Mwaka 1944 aliugua polio. Alifariki kwa saratani mjini Rye, jimbo la New York.

Baada ya kifo

Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alidai katika kitabu chake kwamba Wonder Woman huwavuta wasichana kwenye mapenzi ya jinsia moja, na kwamba Batman na Robin huishi kama wapenzi. Mwaka huohuo wachapishaji walijiwekea kanuni zilizowafungia mlango wahusika wa namna hiyo. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1989, na mwaka 1992 Northstar, shujaa wa kampuni ya Marvel, alitamka wazi kwamba anapenda wanaume.

Elizabeth na Olive waliendelea kuishi pamoja kwa zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Marston. Filamu ya mwaka 2017 iliwaonyesha kama wapenzi, jambo ambalo mjukuu wa Marston alilipinga. Elizabeth alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 100. Binti yake wa pekee alikuwa amempa jina la Olive Ann.