Samuel Johnson aliwafikiria wanaojifunza Kiingereza

Sisi tunaojifunza Kiingereza tunaijua ile taabu: «fall» ni kuanguka, lakini ukiongeza «out» kidogo tu, inakuwa kugombana! Mutu mumoja aliiona zamani: Samuel Johnson.

Alizaliwa Lichfield, Uingereza, mwaka wa 1709, mutoto wa muuza vitabu. Aliingia chuo kikuu cha Oxford, akatoka bila diploma sababu ya kukosa feza. Mwaka wa 1746 wauza vitabu wa London walimupa kazi ya kuandika kamusi. Alidhani atamaliza kwa miaka mitatu. Ikapita karibu tisa. Bibi yake Elizabeth alikufa mwaka wa 1752, kazi haijaisha.

Kamusi ilitoka mwaka wa 1755. Ndani yake alikusanya kwa uangalifu vitenzi vinavyobadilika maana vikifuatwa na neno dogo, maana alijua ndivyo vinavyowasumbua wageni zaidi. Alikubali kwamba hakuvimaliza vyote, lakini anayelinganisha vile alivyoandika ataweza kuelewa vingine.

Alikufa mwaka wa 1784. Basi tusione haya: taabu yetu aliiona hata mwenye kamusi.