Henry Dale: Alishika Ufunguo, Hakuiamini Kufuli

Kwenye madesa yetu ya baiolojia Henry Dale anapata mstari mmoja tu: Mwingereza, Tuzo ya Nobel 1936 pamoja na Otto Loewi, kwa kuonesha kwamba neva hupashana habari kwa kemikali. Tunakariri, UE inapita, tunasahau. Mimi naona kisa chake kitamu zaidi kiko miaka 30 kabla ya tuzo hiyo, na kinamgusa kila mama anayeingia leba.

Dale alizaliwa London mwaka 1875. Alisoma fiziolojia Cambridge chini ya John Langley, kisha akaenda Frankfurt, Ujerumani, akakaa miezi michache kwenye maabara ya Paul Ehrlich. Yashikeni majina hayo mawili. Hao ndo waasisi wa wazo kwamba dawa au homoni haifanyi kazi popote tu mwilini. Lazima ikute mahali pake pa kushikia kwenye seli, kama ufunguo na kufuli. Leo mahali hapo tunapaita kipokezi.

Mwaka 1904 akaajiriwa kwenye maabara ya Wellcome, London. Kazi aliyopewa wala haikuwa ya kifahari: kuchunguza ergoti, fangasi anayeota kwenye masuke ya nafaka ya rai. Wakunga wa Ulaya waliitumia tangu zamani kuongeza uchungu, kama bibi zetu na mizizi yao. Katikati ya kazi hiyo akajaribu pia majimaji ya tezi ya pituitari, ile ndogo kama njegere iliyoko chini ya ubongo. Mji wa mimba wa paka ukajikaza. Matokeo yakachapishwa 1906, na kufikia 1909 daktari William Blair-Bell wa Liverpool alikuwa ameshaanza kuyatumia majimaji hayo kwa akina mama.

Kilichokuwa kinafanya kazi mle ni oksitosini, homoni ya peptidi yenye asidi amino 9 tu. Inatengenezwa kwenye ubongo, sehemu ya haipothalamasi, kisha pituitari inaitunza na kuiachia kwenye damu. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliweza kuiunda maabara mwaka 1953, naye akapata Nobel miaka 2 baadaye.

Lakini homoni ikishaingia kwenye damu inazunguka mwili mzima. Inajuaje pa kusimama? Mwaka jana nikiwa TP Mpitimbi, Songea Vijijini, binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali hilohilo, na darasa zima likanyamaza kusubiri. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa wiki zile, kwa sababu ni swali ambalo Dale mwenyewe hakutaka kulijibu kirahisi.

Ndiyo, jamani. Mtu aliyepita mikononi mwa Langley na Ehrlich wote wawili hakuvutiwa na habari za vipokezi. Kwake, kusema dawa imeshika kipokezi ilikuwa kulipa jina jambo ambalo bado hujalielewa. Yeye alipima kinachoonekana: msuli umejikaza kiasi gani, kwa dozi ipi. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Enzi zake hakuna aliyekuwa amekiona kipokezi, na kukataa kujifanya unajua ni adabu ya sayansi. Ila waasisi wale walikuwa sahihi. Dale alifariki 1968 akiwa na miaka 93, na jeni ya kipokezi cha oksitosini ilikuja kusomwa mwaka 1992.

Picha zenyewe za homoni ikiwa imekaa ndani ya kipokezi zimepatikana miaka hii ya 2020. Asidi amino 6 za oksitosini zimejikunja kama pete, na 3 zilizobaki ni mkia. Pete inazama ndani kabisa ya kipokezi, mkia unabaki mlangoni. Kipokezi hichohicho kipo kwenye mji wa mimba, kwenye matiti, na ndani ya ubongo wenyewe, ambako kwa panya na kondoo humfanya mama amkubali mtoto wake.

Sasa, kwa nini tujali? Kwa sababu oksitosini haipendi joto. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika kijijini, sisi tunawaza chaji ya simu. Mkunga anawaza friji, maana sindano iliyopoteza nguvu haizuii damu ya mzazi. Ndipo inapoingia karbetosini, ndugu yake oksitosini aliyebadilishwa kidogo: ufunguo mwingine, kufuli ileile. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio la wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Karbetosini ya aina isiyoharibiwa na joto haikuwa nyuma ya oksitosini katika kuzuia mzazi kupoteza nusu lita ya damu au zaidi, au kuhitaji dawa ya nyongeza.

Kwa hiyo, walimu wenzangu watarajiwa, tukifika kwenye mada ya homoni tusiishie kuorodhesha tezi ubaoni. Tuwaulize wanafunzi homoni inashika wapi, halafu tuwape muda wa kufikiri. Dale alishika ufunguo mwaka 1906. Kuiona kufuli kulichukua zaidi ya miaka 100, na walioifikia ni wale waliokataa kuliacha swali hilo.