Oliver Heaviside: jamaa aliye nyuma ya waya wa dishi

Haya wadau, bila shaka mmeshamwona fundi akifunga waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Anazungusha kile kikonekta chenye hesi mpaka kinakaza. Kikilegea tu, picha inakatika-katika. Kwa nini? Hapo ndo anapoingia Mwingereza mmoja, Oliver Heaviside.

Alizaliwa London mwaka 1850, kwenye familia isiyo na kitu. Ugonjwa wa utotoni ukamharibia masikio. Shule aliacha na miaka 16, chuo kikuu hakukanyaga. Alifanya kazi ya telegrafu, akaiacha 1874 na hakuajiriwa tena. Akajifungia nyumbani kwa wazazi na vitabu vya umeme.

Mwaka 1880 akasajili hataza ya waya wa koaksia: waya mmoja katikati, mwingine umeuzunguka kama bomba. Mwaka 1886 akaleta neno impidansi, yaani jinsi njia inavyoyapinga mawimbi ya umeme. Siri ya konekta iko hapo. Hesi inalibana lile bomba la nje ligusane na kifaa pande zote. Ikilegea, impidansi inabadilika pale pale na sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka. Konekta ya N, yenye hesi, ilikuja miaka ya 1940 kule Bell Labs, Marekani. Mzee alishakufa zamani.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1887 alionyesha kwa hesabu kwamba ukiongeza induktansi kwenye laini ya simu, sauti inafika mbali bila kuharibika. William Preece, bosi wa mafundi wa Posta ya Uingereza, akampinga na kuizuia makala yake. Heaviside hakuisajili. Baadaye Michael Pupin akachukua hataza ya koili za namna hiyo Marekani, AT&T wakainunua kwa pesa nyingi. Heaviside? Patupu.

Heshima ilikuja: Royal Society walimpokea 1891, na mwaka 1922 akawa wa kwanza kupewa Medali ya Faraday. Lakini alikufa Torquay mwaka 1925, mpweke na maskini.

Kwa hiyo wewe uliyeishia njiani shule usijidharau, kichwa hakiulizi cheti. Ila ukibuni kitu, kasajili mapema, maana wajanja hawalali! Wadau mnasemaje, Preece alimwonea au mzee alizubaa mwenyewe?