Mjue Mtu Huyu: Gary Kildall, Baba wa CP/M

Hapa Frogtown ubishi wetu wa Jumamosi siku hizi ni mmoja tu: kijana akitengeneza mfumo endeshi mdogo wa kompyuta, auuze, au autoe bure pamoja na msimbo wake? Mimi nasema, kwanza tumjue marehemu Gary Kildall.

Kildall alizaliwa Seattle tarehe 19 Mei 1942. Alisoma Chuo Kikuu cha Washington mpaka udaktari, akafundisha kompyuta kwenye chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Mwaka 1974 akaandika CP/M, mfumo wa kuendesha kompyuta ndogo zenye diski laini. Baadaye akafanya ujanja mmoja mkubwa: sehemu inayozungumza na mashine yenyewe aliitenga, akaiita BIOS. Basi fundi mwenye mashine ya aina nyingine alibadilisha kipande hicho tu, mengine yakabaki vilevile.

Yeye na mkewe Dorothy wakafungua kampuni, Digital Research, wakauza. Na waliuza kweli! Mwishoni mwa miaka ya 70 CP/M ndiyo iliyoongoza kwenye kompyuta ndogo za biashara. Kwa hiyo anayesema eti mfumo mdogo haulipi, huyo hajui historia.

Mwaka 1980 IBM wakabisha hodi. Watu husimulia kwamba siku hiyo Kildall alikuwa anaruka na ndege yake kwa starehe. Kumbe alikwenda kwa mteja, kikazi. Mkataba wa kutunza siri ukasuasua, IBM wakaelewana na Microsoft. Hao nao wakanunua mfumo uliofuata mtindo wa CP/M kutoka kampuni ndogo ya Seattle, kwa jumla ya dola 75,000 hivi. Kildall alipolalamika, IBM wakakubali kuuza na wa kwake pia. Lakini DOS ilikuwa dola 40, CP/M-86 dola 240. Wewe ungenunua ipi?

Hakukata tamaa. Mwaka 1988 kampuni yake ikatoa DR-DOS, na 1991 ikanunuliwa na Novell. Tarehe 11 Julai 1994 Kildall alifariki, akiwa na miaka 52. Haki za kazi yake zikawa zinahama kampuni hadi kampuni. Mwaka 2001 ndipo wamiliki wapya waliporuhusu CP/M isambazwe, na 2022 ikafafanuliwa kwamba ruhusa ni ya kila mtu.

Sasa angalieni majirani zetu. Tarehe 29 Juni 1994, siku 12 kabla ya kifo hicho, mwanafunzi Jim Hall wa River Falls, ng'ambo tu ya mto St. Croix, alitangaza mradi wa DOS huria. Ndiyo FreeDOS. Haikuanza na kampuni wala mtaji, lakini toleo la 1.4 lilitoka 2025. Na Gopher ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyozaliwa 1991? Chuo kilitangaza ada mwaka 1993, mwaka uleule CERN walipoiachia Web bure. Watu wakahamia kwenye Web.

Hata kwetu, mwaka 2004 wataalamu wa Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwa sababu msimbo ulikuwa huria.

Mimi simlaumu Kildall kwa kuuza. Alikuwa wa kwanza sokoni, na msimbo huria peke yake haulipi kodi ya nyumba. Lakini akishatokea mkubwa wa dola 40, mdogo hamwezi kwa bei. Hapo ni afadhali afungue msimbo, auze mafunzo na matengenezo. Hata yeye akiondoka, wengine wataendeleza.

Kwa hiyo wanachama mnaosoma kompyuta, uzeni au gaweni, shauri yenu. Ila siku ya kwanza kabisa andikeni kwenye leseni: kampuni ikiuzwa au mwenyewe akifariki, msimbo unabaki kwa nani?

Wasalaam.