Sophia Kawawa: Mama aliyepigania sheria za familia

HAYATI Sophia Kawawa ni miongoni mwa wanawake wachache wa kizazi cha uhuru ambao majina yao hutajwa kila mjadala wa sheria za familia unapoibuka nchini. Wengi humkumbuka kama mke wa hayati Rashidi Mfaume Kawawa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Pili wa Rais. Lakini alama yake kubwa iko kwenye sheria zinazomgusa mama na mtoto, na hesabu ya sheria hizo bado haijafungwa.

Hesabu hiyo huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kutoka kijijini. Kata ya Kitandililo, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, ni mfano mmojawapo. Ni eneo la wakulima wa mahindi na maharage, lisilo mbali na njia panda ya Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Barabara hiyo ya Songea ndiyo inayoelekea Ruvuma, mkoa aliozaliwa Sophia.

Alizaliwa mwaka 1936 huko Tunduru, enzi za utawala wa Mwingereza, wakati ambapo nafasi ya msichana wa Kiafrika kwenda shule ilikuwa finyu mno. Aliolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Rashidi Kawawa, aliyekuwa bado mtumishi kijana wa serikali ya kikoloni, kabla nchi haijamfahamu kwa filamu zake na kwa uongozi wake katika vyama vya wafanyakazi.

Mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alishika uwaziri mkuu kufuatia kujiuzulu kwa Mwalimu Julius Nyerere. Nyumba ya Sophia ikageuka kuwa nyumba ya siasa. Angeweza kubaki mwenyeji wa wageni wa mumewe, lakini alichagua kuingia katika kazi ya kuwaunganisha wanawake.

Chombo cha kazi hiyo kilikuwa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, kilichoasisiwa mwaka 1962 na kuongozwa kwanza na Bibi Titi Mohamed. Sophia alipanda ngazi katika umoja huo hadi kuwa mwenyekiti wake wa taifa, nafasi aliyoishika katika miaka ya 1980.

Sheria ya Ndoa

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ndoa za Watanzania zilitawaliwa na sheria nyingi. Wakristo walikuwa na yao, Waislamu na yao, Wahindu na yao, na kila kabila na mila zake. Mwanamke aliyeachwa hakuwa na uhakika wa kupata chochote, na suala la nani akae na watoto lilitegemea dini au ukoo zaidi ya hali ya mtoto mwenyewe.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa na kuuweka mbele ya wananchi. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo wanaume walioona kuwa Serikali inaingia hadi chumbani mwao, na wapo viongozi wa dini walioona kuwa mamlaka yao yanapokonywa. Sophia Kawawa alikuwa miongoni mwa wanawake waliosimama upande wa mabadiliko na kuyatetea.

Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Mei Mosi mwaka huo. Sheria hiyo iliagiza kwamba ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili na isajiliwe. Ilimpa mke wa kwanza nafasi ya kupinga ndoa mpya ya mumewe. Ilikataza mwenzi kumpiga mwenzake. Talaka ikawa lazima ipitie mahakamani, baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kuwapatanisha wanandoa.

Kuhusu watoto, sheria iliielekeza mahakama kutanguliza ustawi wa mtoto inapoamua nani amlee, na kuchukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, isipokuwa kukiwa na sababu ya kuamua vinginevyo. Baba alibebeshwa wajibu wa kuwatunza watoto wake.

Uzito wa sheria hiyo ulionekana zaidi mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kwa mwanamke wa kijijini, anayelima, anayepika na kulea bila hati wala akaunti yenye jina lake, uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko hotuba nyingi za majukwaani.

Likizo ya uzazi

Vita ya pili ilikuwa ya waajiriwa. Likizo ya uzazi yenye malipo ilimfaa mwanamke aliyeolewa. Asiyeolewa alijifungua kwa gharama yake, na wengi waliona kuwa hiyo ndiyo adhabu inayomstahili. UWT ilidai likizo hiyo wapewe wote. Wapinzani walisema kufanya hivyo ni kuhalalisha uzinzi. Upande wa UWT ulijibu kuwa mtoto mchanga huhitaji maziwa na uangalizi uleule, awe na baba nyumbani au asiwe naye.

Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa, na mfanyakazi mwanamke, mwenye ndoa na asiye na ndoa, akapata siku 84 za likizo yenye malipo, mara moja katika kila miaka mitatu. Jina la Sophia Kawawa limebaki limefungamanishwa na ushindi huo. Idadi hiyo ya siku iliendelezwa hata katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

UWT ilishughulikia pia vituo vya kulelea watoto mchana, ili mama aende kazini au shambani akijua mtoto yuko katika mikono salama. Mwaka 1981 vituo hivyo vilitungiwa sheria yake.

Lakini hapa ndipo mpaka wa mafanikio hayo unapoonekana. Likizo ya siku 84 hulipwa na mwajiri. Mkulima wa Kitandililo hana mwajiri. Akijifungua msimu wa palizi, shamba halimsubiri, na asipolima hakuna anayemlipa. Sheria iliyokusudiwa kuwafikia wanawake wote iliwafikia wenye mishahara, nao walikuwa sehemu ndogo ya wanawake wa nchi.

Dhoruba ya 1988

Sheria ya Ndoa haikutumika Zanzibar, kwa kuwa ndoa si suala la Muungano. Mei 1988, akiwa mwenyekiti wa UWT, Sophia alitoa matamshi ya kutaka masuala ya mitala na haki za wanawake wa Kiislamu yatazamwe upya. Matamshi hayo yalizua ghadhabu Visiwani. Watu waliandamana, polisi walitumia silaha, na maisha ya watu yakapotea.

Tukio hilo lilimtia doa mbele ya waliomwona amevuka mipaka ya imani, imani ambayo ilikuwa yake pia. Wengine walimwona shujaa aliyesema ambalo wenzake walilinong'ona. Hata hivyo, lilionyesha kuwa sheria ya familia haipiti kwa amri ya chama peke yake. Sheria ya Bara ya mwaka 1971 ilitanguliwa na waraka na mjadala wa wananchi. Safari hii kauli ilitangulia mjadala.

Sophia Kawawa alifariki dunia Novemba 1994. Nchi aliyoiacha ilikuwa inabadilika. Mwaka mmoja kabla, Serikali ilikuwa imeanza kuwachangisha wagonjwa gharama za matibabu katika hospitali zake, ingawa sera iliwasamehe wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano.

Yaliyofuata

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikusanya mahali pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika, yakiwamo ya vituo vya kulelea watoto. Ilifuta pia sheria ya zamani iliyoweka kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi kwa matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa.

Dosari kubwa ya sheria ya 1971 ilibaki. Iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo. Yaani sheria ileile iliyomtetea mama ilikuwa imemwacha binti nje.

Kwa upande wa afya, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ulianza na watumishi wa umma. Wakulima waliwekewa mifuko ya afya ya jamii, ya kujiunga kwa hiari. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, pamoja na utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Mkoa wa Njombe una sababu ya kuisubiri sheria ya namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na utafiti wa 2022/23 uliuweka mkoa huo juu ya mingine yote kwa kiwango cha maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wazima, asilimia 12.7. Ni mkoa unaozalisha chakula kwa wingi, ambako mama mara nyingi ndiye anayelima na ndiye anayelea.

Kizazi cha Sophia Kawawa kilithibitisha kuwa Bunge linaweza kubadili maisha ya mama na mtoto. Walianza na mke wa ndoa, wakaenda kwa mfanyakazi asiyeolewa. Aliyebaki nyuma katika foleni hiyo ni mkulima asiye na mwajiri wala mshahara, na kwake thamani ya sheria mpya itapimwa siku atakapompeleka mwanawe zahanati akarudi naye akiwa ametibiwa.